Je, Tajiri na Maskini Hupasuliwa Sawasawa?

Mara nyingi tukitoka makaburini twasikia watu wakisema juu ya marehemu: «Alipasuliwa, lakini siku zake zilikuwa zimetimia.» Neno hilo lina faraja yake, wala hatupendi kuwanyang'anya faraja watu wanaolia. Lakini linaficha swali ambalo mtu mwenye akili hana budi kuliuliza. Marehemu yule angalikuwa na mali, je, siku zake zingalitimia siku ile ile? Na kama sivyo, ni nani aliyezikata: ni Mungu, ni ugonjwa, au ni sisi wanadamu kwa namna tunavyogawanya mema ya dunia?

Swali hili ni pana. Ili tusipotee ndani yake tumechagua ugonjwa mmoja tu, nao ni vijiwe vya mfuko wa nyongo. Tumeuchagua kwa sababu dawa yake yajulikana tangu zaidi ya miaka 140. Penye ugonjwa usio na dawa, tajiri na maskini hufa pamoja, na hakuna wa kulaumiwa. Penye ugonjwa wenye dawa, hapo ndipo tofauti ya mali huonekana wazi.

1. Ugonjwa wenyewe

Chini ya ini, upande wa kuume wa tumbo, pana mfuko mdogo. Kazi yake ni kuiweka akiba nyongo inayotengenezwa na ini, na kuitoa tunapokula, hasa chakula chenye mafuta. Pengine nyongo hiyo hugandamana ikawa vijiwe. Kwa watu wengi, yapata 8 kati ya 10, vijiwe hivyo hukaa kimya maisha yote, wala havihitaji kisu. Lakini kijiwe kikiziba mlango wa mfuko, maumivu huja. Huanza chini ya mbavu za kuume, mara nyingi usiku baada ya kula, hupanda mpaka mgongoni au begani, hudumu saa nzima au zaidi, kisha hutulia. Mtu hudhani amepona. Baada ya majuma au miezi maumivu hurudi. Na siku moja hayatulii tena: mfuko unavimba, homa inapanda, na mfuko waweza kujaa usaha, kuoza na kutoboka. Au kijiwe kinatoka na kuziba mfereji mkubwa wa nyongo. Macho yanageuka manjano, na ugonjwa unaingia katika damu.

Tuangalie vizuri jambo moja. Mara nyingi ugonjwa huu hutoa onyo kwanza. Kati ya maumivu ya kwanza na siku ya hatari huwa pana nafasi: pengine majuma, pengine miezi, pengine miaka. Katika nafasi hiyo mtu aweza kuokolewa kwa urahisi. Maneno yote tutakayosema hapa yanategemea nafasi hiyo.

2. Ufundi wa kupasua

Tarehe 15 Julai 1882, katika mji wa Berlin huko Ujerumani, daktari Carl Langenbuch aliutoa mfuko wote wa nyongo katika tumbo la mtu wa miaka 43, aliyekuwa ameteseka miaka 16. Kabla yake wapasuaji walikuwa wakiufungua mfuko, wakitoa vijiwe, na kuuacha mahali pake. Kwa hiyo vijiwe viliweza kuzaliwa tena. Yule mgonjwa wa Berlin alipona. Na hospitali alimopasuliwa iliitwa Lazarus, kwa jina la yule maskini wa Injili aliyelala mlangoni pa tajiri. Jina hilo latufaa sana, kwa maana swali letu ni lile lile: mlango upo, tena watu wawili wapo, ni nani anayeingia, na anaingia saa ngapi?

Kwa miaka mia moja iliyofuata, kazi hiyo ilifanywa kwa kukata mkato mrefu chini ya mbavu. Mwezi wa Septemba 1985, daktari Erich Mühe wa Böblingen, Ujerumani, aliutoa mfuko kwa kupitisha vyombo vyembamba katika matundu madogo. Wenzake wengi hawakumkubali. Mwaka 1987 Mfaransa Philippe Mouret alifanya vivyo hivyo katika mji wa Lyon, na baada yake njia hiyo ikaenea upesi. Madaktari wa kwetu huiita selioskopi. Mgonjwa aliyepasuliwa hivyo mara nyingi hurudi nyumbani siku ile ile au kesho yake, na baada ya juma moja au mawili huweza kushika kazi zake. Yule aliyekatwa mkato mrefu hukaa siku kadhaa hospitalini, kisha hungoja majuma manne au sita kabla ya kubeba mzigo.

Kazi hii ikifanywa mapema, na watu waliofundishwa, kwa vyombo vinavyofaa, hufa mgonjwa chini ya mmoja kati ya mia. Akili ya wanadamu imekwisha kufanya sehemu yake. Basi kwa nini wengine bado hufa?

3. Siku za kabla ya kisu

Tuwaze akina mama wawili wenye umri mmoja na kijiwe cha namna moja. Wa kwanza ni mke wa karani mkubwa wa kampuni ya madini mjini Lubumbashi. Wa pili huuza ndagala sokoni, kando ya ziwa Tanganyika. Wote wawili wanapata maumivu ya kwanza usiku mmoja.

Mke wa karani anakwenda kwa daktari wa kampuni. Juma hilo hilo anapigwa ekografi, kijiwe kinaonekana, anapewa tarehe. Anapasuliwa akiwa na nguvu, hana homa, anapumua vizuri.

Mama wa ndagala anakunywa maji ya moto, kisha anatafuna majani aliyopewa na jirani. Ekografi? Bei yake ni faida ya siku nyingi za soko. Tena akiacha meza yake siku mbili, mtaji utaliwa na watoto. Kwa hiyo anangoja. Maumivu yanakuja mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara ananunua vidonge katika duka la dawa, vichache kadiri ya franka alizo nazo. Mara ya tano hayatulii. Macho yamekuwa manjano. Jamaa wanatafuta mkopo siku mbili, wanatafuta gari siku ya tatu, na siku ya nne wanamfikisha hospitalini.

Tuseme kwamba hapo anamkuta daktari mwema na hodari. Daktari huyo hamwulizi kabila wala mali. Anamhurumia na kumpasua usiku. Lakini anakuta nini? Mfuko umeoza, nyama zote za kando zimevimba na kushikamana, hata haoni vizuri mfereji upi ni upi. Mgonjwa mwenyewe amekwisha kuishiwa nguvu. Akifa, watu watasema: «Alikufa kwa kupasuliwa.» Sivyo. Kisu kilikuwa sawa. Mkono wa daktari ulikuwa sawa. Tofauti ilikwisha kuingia kabla ya kisu, siku baada ya siku, katika zile juma na miezi za kungoja. Twaweza kusema kwamba umaskini ni mwizi wa siku.

Wala tusidhani kwamba mwizi huyo anakaa Afrika tu. Marekani ni nchi yenye mali na wapasuaji wengi. Huko sheria ya mwaka 1986 yaamuru karibu kila hospitali yenye chumba cha dharura impime kila mtu anayefika, na imsaidie akiwa katika hatari, isimwulize kwanza kama ana fedha. Sheria hiyo ni njema, na imeokoa watu. Lakini tufikiri inavyomfikia kibarua asiye na bima ya ugonjwa. Anakuja usiku na maumivu ya kijiwe. Wanampa dawa, maumivu yanatulia, hatari ya saa ile imekwisha. Wanamwambia: «Tafuta mpasuaji akutoe mfuko.» Mpasuaji anadai fedha, naye hana. Anarudi kazini. Mwezi wa pili anakuja tena usiku, na wa tatu tena, mpaka siku atakapokuja na mfuko uliooza. Siku hiyo ndipo sheria itamfungulia mlango wa chumba cha kupasulia. Uchunguzi mwingi uliofanywa huko umeonyesha matunda yake: maskini na wasio na bima hupasuliwa zaidi katika dharura, hukatwa zaidi mkato mrefu, na hukaa hospitalini siku nyingi kuliko wenye bima nzuri. Sheria inayomhurumia mtu akiwa karibu na kufa tu, bila kujua humlazimisha akaribie kufa kwanza.

4. Saa ya kisu na siku za baadaye

Saa ya kupasuliwa nayo haiko sawa kwa wote. Mwaka 2015 tume kubwa ya wataalamu, iliyokusanywa na gazeti la madaktari The Lancet, ilitoa hesabu juu ya upasuaji wa dunia nzima. Walisema kwamba kila mwaka watu hupasuliwa mara milioni 313, lakini katika nchi maskini kabisa, zinazokaliwa na zaidi ya theluthi ya wanadamu wote, hufanywa sehemu 6 tu kati ya 100 za kazi hizo. Walisema tena kwamba watu miliari 5 hawawezi kupata upasuaji ulio salama kwa bei wanayoiweza na kwa wakati unaofaa.

Hesabu hizo ni kavu, lakini ndani yake mna mambo tunayoyajua. Selioskopi yataka umeme usiokatika, kamera, hewa maalumu ya kuinua ngozi ya tumbo, na mtu wa kutengeneza chombo kinapoharibika. Yataka daktari wa usingizi. Yataka damu katika akiba. Mahali pasipo na vitu hivyo, mkato mrefu ndio njia pekee. Na kwa mtu mwenye kuishi kwa mikono yake, mkato mrefu maana yake ni majuma sita bila jembe, bila kuchota maji, bila mzigo wa makala kichwani. Ndivyo yule anayehitaji kurudi kazini upesi anavyopewa njia ya kuchelewa, na yule awezaye kupumzika nyumbani anavyopewa njia ya upesi.

Kisha zinakuja siku za baadaye. Hata penye wapasuaji hodari, watu 3 hadi 5 kati ya 1,000 huumizwa mfereji wa nyongo wakati wa kazi hii. Jambo hilo lilimpata mtu mkubwa. Mwezi wa Aprili 1953, Anthony Eden, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alipasuliwa mjini London, na mfereji wake ukaumizwa. Alipasuliwa tena mwezi huo huo, akawa karibu na kufa. Mwezi wa Juni alivuka bahari mpaka Boston huko Marekani, kwa Richard Cattell, aliyesifiwa kuliko wote kwa kutengeneza mifereji ya namna hiyo. Alipona kiasi cha kuwa waziri mkuu mwaka 1955, akaishi mpaka 1977. Hatumwonei wivu, maisha ya waziri ni ya thamani. Lakini maisha ya mama wa ndagala nayo ni ya thamani, naye hana Boston yake. Likimpata kosa lile lile, kosa lililo sawa kabisa, yeye atarudi nyumbani na macho ya manjano. Bahati mbaya huwapata wote; njia ya kutoka ndani yake haiwafikii wote.

Tena kuna deni. Ile tume ya 2015 ilihesabu kwamba kila mwaka watu milioni 33 huanguka katika hasara kubwa ya mali kwa ajili ya bei ya kupasuliwa, na wengine milioni 48 kwa ajili ya safari, chakula na malazi yanayofuatana nayo. Sisi hapa Kongo hatuhitaji kufafanuliwa. Twajua shamba linalouzwa, mtoto anayetolewa shuleni, na mgonjwa aliyepona anayezuiliwa kutoka hospitalini mpaka jamaa walipe. Huyo atakapopata maumivu mara nyingine, je, atakwenda mapema? Atakumbuka deni, atangoja. Na hivyo mwizi wa siku anarudi kwa mlango wa nyuma.

5. Mapingamizi na majibu

Mtu aweza kusema: «Matajiri nao hufa kwa ugonjwa huo.» Ni kweli. Andy Warhol, mchoraji wa Marekani aliyejulikana duniani kote, alizaliwa mwaka 1928 katika jamaa maskini ya wahamiaji mjini Pittsburgh, baadaye akawa tajiri sana. Alijua miaka mingi kwamba ana vijiwe, lakini aliogopa hospitali kupita kiasi, akakataa. Alipokubali, mwezi wa Februari 1987, mfuko ulikuwa umekwisha kuoza. Alikufa siku moja baada ya kupasuliwa, umri wake miaka 58. Kifo chake hakipingi maneno yetu, chayathibitisha. Kilichomwua ni kuchelewa kule kule kunakomwua maskini. Tofauti ni moja: yeye alichelewa kwa woga wake mwenyewe, na mlango ulikuwa wazi, maskini huchelewa kwa sababu mlango umefungwa. Wa kwanza twaweza kumsikitikia. Juu ya wa pili yatupasa kuuliza nani ameshika ufunguo.

Mwingine atasema: «Maskini wana kosa lao. Hukimbilia mganga wa kienyeji na majani, hospitali ni mwisho.» Hapa pana sehemu ya ukweli, nasi hatuifichi: ujinga juu ya ugonjwa umeua wengi, na wako waongo wanaokula fedha za wagonjwa. Lakini mwalimu wa maadili hapimi tendo la mtu bila kuangalia uhuru wake. Anayechagua majani akiwa na franka za majani tu, amechagua nini? Mlaumuni yule aliyeweza kwenda mapema akakataa. Yule asiyeweza, tukimlaumu, twamtwika mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Wa tatu atasema: «Hospitali zikiwa bure, mambo yamekwisha.» Hayakwishi. Uingereza, tangu mwaka 1948, mgonjwa huingia hospitalini asilipe kitu. Lakini mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, aliandika kwamba mahali penye shida kubwa ya ugonjwa ndipo matunzo mema yanapopungua, na kwamba hali huwa mbaya zaidi pale matunzo yanapoachwa mikononi mwa biashara. Aliwaona wachimbaji kwa macho yake. Mtu maskini hukosa fedha, na pamoja na fedha hukosa nafasi ya kuacha kazi, hukosa maneno ya kumweleza daktari, hukosa ndugu aliyesoma wa kumwambia: «Usingoje.» Kuondoa bei ni lazima, lakini siku zaweza kuibiwa hata pasipo bei.

Wa nne atasema: «Nchi yetu ina malaria na surua. Nyongo ni ugonjwa wa wanene wa Ulaya.» Tumjibu kwa mambo mawili. Kwanza, Kongo ni mojawapo ya nchi ambamo huzaliwa watoto wengi kuliko kwingine wenye ugonjwa wa damu uitwao SS, pamoja na Nigeria na India. Katika watu hao chembe za damu huvunjika upesi, na mabaki yake hugeuka kuwa vijiwe vyeusi katika mfuko wa nyongo, hata kwa vijana. Wengi wao, wakifikia utu uzima, wana vijiwe. Nao hupata shida ya pekee: wamezoea maumivu, na macho yao huwa manjano mara kwa mara, basi kijiwe kikija, jamaa husema ni yale yale ya siku zote. Kuwapasua kwataka matayarisho: maji ya kutosha mwilini, joto, hewa, pengine damu ya kuongezwa kabla. Matayarisho hayo hayawezekani katika dharura ya usiku. Hakuna wagonjwa wanaodhuriwa na kuchelewa kuliko hao. Pili, chumba kinachofaa kutoa mfuko wa nyongo ni chumba kile kile cha kumwokoa mama asiyeweza kuzaa, na mtu mwenye utumbo uliojifunga. Umeme ni ule ule, damu ni ile ile, mtu wa usingizi ni yule yule. Anayekijenga kwa mmoja amekijenga kwa wote.

6. Ni huruma au ni haki?

Sasa tumefika kwenye swali la maadili lenyewe. Watu wengi wema wakisikia habari ya mama wa ndagala, mioyo yao huguswa, hutoa franka. Ni vizuri. Lakini je, franka hizo ni zawadi, au ni deni?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba haki ni nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake; na kwamba mwenye shida ya mwisho, vitu vya dunia humfungukia, kwa maana Mungu alivikusudia kwa mahitaji ya wote. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulituonya tusitoe kwa jina la mapendo kitu ambacho tayari ni deni la haki. Tuyafikiri maneno hayo juu ya kitanda cha mgonjwa. Kama dawa isingalijulikana, kumsaidia kungalikuwa huruma tu. Lakini dawa yajulikana, vyombo vipo, wanaojua wapo. Na ufundi wenyewe ulizaliwa kwa kazi ya vizazi vingi, kwa mateso ya wagonjwa wengi waliopasuliwa kwanza, wengi wao maskini. Ni urithi wa wanadamu wote. Kumfikisha mtu kwenye urithi wake kwa wakati ni kumpa kilicho chake.

Haki hiyo yaweza kuandikwa katika sheria. Chile, nchi ya Amerika ya Kusini, ni mojawapo ya nchi zinazoteswa zaidi na kansa ya mfuko wa nyongo, ambayo hufuatana mara nyingi na vijiwe vya siku nyingi. Huwapata hasa wanawake maskini, na watu wa kabila la Mapuche. Tangu mwaka 2006 sheria ya huko yamwahidi kila mtu wa miaka 35 mpaka 49, mwenye vijiwe vinavyomletea maumivu, kwamba atatolewa mfuko kabla ya siku 90 kupita tangu ugonjwa kuhakikishwa. Hatusemi kwamba ahadi hiyo hutimizwa pasipo kosa. Lakini angalieni tofauti yake na ile sheria ya Marekani. Ile ya 1986 yamngoja mtu mpaka awe katika hatari. Hii ya 2006 yahesabu siku, na hesabu hiyo imewekwa juu ya serkali, si juu ya mgonjwa. Usawa wa kweli katika ugonjwa ni usawa wa siku.

7. Yatupasa kufanya nini?

Wakubwa wana sehemu yao, nayo ni kubwa: serkali katika bajeti yake, wenye hospitali katika bei zao. Tuwakumbushe bila matusi na bila woga. Lakini parokia nayo ina mkono, nasi twataja mambo manne.

Kwanza, tufundishane onyo. Katika mashina yetu na vyama vya akina mama, kila mtu ajue kwamba maumivu ya upande wa kuume chini ya mbavu yanayorudi baada ya chakula yanataka daktari, hata yakitulia. Na kwamba macho ya manjano pamoja na homa hayangoji kesho. Jamaa zenye mtoto wa SS waulize daktari habari ya ekografi wakati mtoto ni mzima.

Pili, tuingie katika mituweli za afya kabla ya kuugua. Tangu mwaka 2017 nchi yetu ina sheria juu ya mituweli, na katika Kivu ziko zilizofanya kazi miaka mingi. Jirani zetu wa Rwanda walianza kuzijaribu mwaka 1999, na leo sehemu kubwa sana ya raia wao wamo ndani. Kinachoziua kwetu chajulikana: mzima hukataa kutoa, husema fedha yake inaliwa na wagonjwa, akiugua hukimbilia kuandikishwa. Fedha ya mzima kuliwa na mgonjwa, ndiyo mituweli yenyewe. Na shina liwalipie wale wasioweza hata mchango mdogo.

Tatu, sanduku la maskini la parokia litoe mapema. Desturi yetu ni kutoa mtu anapokuwa mahututi, na kutoa zaidi akifa. Twanunua jeneza zuri kwa mtu tuliyemnyima ekografi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na franka zile zile, zikitolewa miezi sita mbele, zingeweza kununua uhai mahali pa ubao.

Nne, tusimwache mgonjwa mlangoni pa hospitali. Aliyekatwa mkato mrefu ahitaji mtu wa kumchotea maji majuma sita, mtu wa kumlindia meza yake ya soko, mtu wa kutazama kidonda. Kazi hizo hazitaki mali, zinataka zamu iliyopangwa vizuri. Vijana wa chama fulani wachukue juma hili, akina mama wa shina fulani wachukue linalofuata. Mwenye kurudi kazini akiwa na kidonda kibichi atarudi pia hospitalini.

Wapenzi wasomaji, tajiri wa Injili hakumpiga Lazaro, wala hakumfukuza. Alipita tu kila siku mlangoni pake, na siku zikapita pamoja naye. Mlangoni petu mna mtu ambaye usiku huu ameshika ubavu wake wa kuume akisema kwamba yatatulia. Labda yatatulia. Kesho asubuhi mwulizeni ni mara ya ngapi, na kama ni ya pili, msimwache aende sokoni kabla hamjakubaliana ni nani atakayekaa mezani pake, na ni nani atakayemsindikiza kwa daktari.